Nauli ya saini: kubana gharama za posta unapoomba saini kwa barua

Barua ya kumwomba staa akusainie picha au kadi na kukurudishia ina nauli mbili, ya kwenda na ya kurudi, na zote anazilipa mwombaji. Wengi wanahesabu ya kwenda tu. Wanabana kwenye bahasha ya nje, halafu ndani wanatia bahasha ya majibu (ile yenye anwani yao, ya kurudishia saini) kubwa kupita haja, kadibodi ngumu kama ubao, na stempu ambayo huko inakokwenda haina thamani yoyote. Jibu lisipokuja, lawama zote kwa staa: ana maringo.

Akiba ya kweli haipatikani kwenye kaunta ya posta. Inapatikana mezani, bahasha ikiwa bado wazi, na sehemu yake kubwa inatokana na kujua barua zipi zisitumwe kabisa. Tuseme nauli ya barua moja, kwenda na kurudi, ni 10 ya pesa yoyote unayotumia. Barua 20 zimekula 200. Zikirudi 4, kila saini imekugharimu 50, si 10. Sasa kama kati ya zile 20 kulikuwa na 8 zilizokwenda kwenye klabu ambayo mchezaji alishahama, au kwa mtu anayejulikana kuwa harudishi kitu, ukiziondoa unabaki na matumizi ya 120 kwa saini zile zile 4. Ni 30 kila moja. Hakuna ujanja wa stempu utakaokushushia gharama kwa asilimia 40 namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya stempu, anwani. Mchezaji anaandikiwa klabuni msimu ukiwa unaendelea, na dirisha la usajili likiwa wazi subiri lifungwe kwanza. Mwigizaji wa jukwaani anaandikiwa kwenye ukumbi wa onyesho, barua ifike wiki mbili au zaidi kabla ya onyesho la mwisho, kwa sababu onyesho likiisha ukumbi hauna wajibu wa kumtafuta. Wa filamu mara nyingi hupatikana kupitia wakala wake, na mawakala hubadilishwa kimya kimya. Anwani iliyowekwa mtandaoni miaka mitano iliyopita ichukulie kama tetesi. Kinachofaa ni ushahidi wa karibuni: watu waliopata jibu kutoka anwani hiyo hiyo ndani ya miezi sita.

Ziangalie pia picha za saini walizopata. Saini za mkono wa mtu hazifanani kabisa hata akisaini mbili mfululizo. Ukikuta tatu ambazo mistari yake inakutana ukizilaza moja juu ya nyingine, hiyo ni otopeni, mashine inayoshika kalamu na kurudia umbo lile lile. Wengine saini zao zinaandikwa na katibu. Na wapo wanaotoza ada, ambao watakurudishia picha tupu pamoja na karatasi ya bei. Kila mtu na chaguo lake, ila yajue hayo kabla ya kulipa nauli.

Gramu 20

Posta hutoza kwa ngazi. Barua ya gramu 3 na ya gramu 20 zinaweza kulipa sawa, kisha ya gramu 21 ikaruka ngazi. Na ngazi hazifanani kote. Gramu 20 ndiyo ngazi ya kwanza iliyozoeleka katika barua za kimataifa na bado inatumika nchi nyingi. Marekani wanahesabu kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28. Uingereza barua ya kawaida inafika gramu 100 bila kubadilisha bei. Nauli ya kwenda inafuata kanuni za posta yako, ya kurudi inafuata kanuni za posta ya huko. Ni hesabu mbili, na zisichanganywe.

Uzito wa vitu vyenyewe unafaa kuujua kwa kichwa. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina gramu 5, hivyo A5 ni gramu 2.5. Bahasha ya C6 (milimita 114 kwa 162) ni kama gramu 3.6, B6 (125 kwa 176) kama 4.2, C5 (162 kwa 229) kati ya 7 na 8, na C4 (229 kwa 324) kama 16. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ni gramu 3 hadi 4, ya 20 kwa 25 ni 12 hadi 13. Kadi ya mchezaji ya ukubwa wa kawaida, milimita 63 kwa 88, haifiki gramu 2.

Sasa tufunge barua. Mtu asiyepima anachukua C5 kuwa ya nje (7.5), anaweka C6 ya majibu (3.6), barua ya A5 bila kuikunja (2.5) na picha ya 10 kwa 15 (3.5). Jumla 17.1, yumo ndani ya 20. Anakumbuka picha inahitaji kinga, anaongeza kipande cha boksi jembamba kama la dawa ya meno, cha ukubwa wa picha, gramu 5. Tayari 22.1, ngazi imeruka kwa sababu ya boksi la dawa ya meno.

Mwenye mizani anabadilisha kitu kimoja tu: bahasha ya nje anaifanya B6, ambayo C6 inaingia ndani yake bila kukunjwa. Barua ya A5 anaikunja mara moja iwe A6. Sasa ni 4.2, 3.6, 2.5, 3.5 na 5, jumla 18.8. Kinga imo na ngazi ni ile ile ya kwanza. Kurudi, bahasha ya C6 yenye picha na kinga ni kama gramu 12, haina wasiwasi popote.

Usisogelee 20 mpaka mwisho, lakini. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, na barua iliyosoma 19.8 chumbani pakavu inaweza kusoma 20 na ushee kwenye kaunta siku ya mvua. Stempu nazo zina uzito: ukilipa nauli kwa stempu ndogondogo kumi badala ya moja, umeongeza karibu nusu gramu au zaidi. Bakiza gramu 1.

Asiye na mizani ya kupima gramu anaweza kujitengenezea. Laza penseli mezani, weka juu yake rula ya sentimita 30 ili penseli ipite katikati kabisa, kwenye alama ya 15. Kunja karatasi nne mpya za A4, hakikisha pakiti imeandikwa 80 g/m², uziweke upande mmoja. Hizo ni gramu 20. Upande wa pili weka barua, kitovu chake kiwe umbali ule ule kutoka kwenye penseli. Upande wa karatasi ukishuka, barua iko chini ya 20. Zikiwa sawasawa au barua ikashuka, toa kitu. Penseli ya pembe sita ni bora kuliko ya duara, haibiringiki.

Kuhusu ukubwa, kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani (UPU) barua ndogo haizidi milimita 165 kwa 245, unene milimita 5, uzito gramu 100. C5 inapita kwa tundu la sindano: upande wake mfupi ni 162. C4 haipiti, inaingia daraja la barua kubwa hata ikiwa tupu. Ndiyo maana picha ya 20 kwa 25 ni anasa. Bahasha mbili za C4, moja imekunjwa ndani ya nyingine, ni gramu 32; picha 13, boksi jembamba 17, barua 2.5. Jumla inazidi 64 na daraja limeshapanda. Kwa nauli hiyo ungeweza kupeleka picha ndogo kwa zaidi ya mtu mmoja. Kama picha kubwa ndiyo furaha yako, tumia, lakini iwe kwa watu wachache ambao una uhakika nao.

Unene unapimwa kwa kukata mpasuo wa milimita 5 kwenye kadibodi. Barua ipite bila kusukumwa. Inayokwama mara nyingi ina kalamu ndani. Acha kuweka kalamu! Makapeni ya kawaida ina unene wa zaidi ya sentimita moja na uzito wa kama gramu 10. Inaitoa barua kwenye daraja la barua na kuifanya pakiti, na mtu anayesaini kila siku kalamu anazo. Plastiki ngumu za kuhifadhia kadi nazo ziache nyumbani, mfuko laini wa plastiki unatosha.

Ugumu wa bahasha

Barua nyepesi na nyembamba bado inaweza kutozwa zaidi kwa kuwa ngumu. Marekani, barua ya bei ya kawaida ni ile inayojipinda kwenye mashine ya kuchambulia. Isiyojipinda, au yenye umbo la mraba, inaongezewa ada. Kwa jibu linalotoka Marekani, basi, kinga isiwe ubao. Boksi jembamba linalopinda kwa vidole viwili linatosha, au karatasi mbili nzito. Vibanio vya chuma na pini navyo visiwemo, vinakwama kwenye mashine.

Mtego mwingine wa huko ni kimo. Barua ya Marekani haizidi inchi 6⅛ kwa 11½, yaani milimita 156 kwa 292, unene robo inchi. Sasa rudi kwenye C5: upande wake mfupi ni 162. Bahasha ile ile iliyopita kwa UPU, na Uingereza pia ambako kikomo ni 165 kwa 240, Marekani inahesabiwa kuwa bahasha kubwa kwa sababu ya milimita 6. Mwombaji anaweka stempu ya barua, ofisi ya staa inaidumbukiza kwenye boksi la posta, na kilichobaki ni bahati. Kwa picha ya 13 kwa 18 tafuta bahasha ya milimita 133 kwa 184. Kwa ya 10 kwa 15, C6 au B6.

Kadi zinazong'aa zina tatizo ambalo halionekani kuwa la posta, ila linakula nauli yote. Wino wa makapeni haushiki juu yake, unajikusanya vitone na kufutika. Pangusa uso wa kadi na poda kidogo ya mtoto kwa pamba, kisha ifute mpaka isiache vumbi. Kadi ikirudi na saini iliyochakaa umelipa kwenda na kurudi kwa ajili ya uchafu.

Stempu ya kurudi kutoka nchi nyingine

Ukiandikia mtu wa nchi yako, hapa huna kazi: stempu unayojua, kwenye bahasha yenye anwani yako. Kazi iko kwa wa nje. Stempu za nchi yako hazina nguvu kwenye barua inayotumwa kutoka nchi nyingine, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Bahasha ya majibu inawekewa stempu nzuri za nyumbani, na huko ni mapambo.

Njia ya kale ni kuponi ya majibu ya kimataifa. Ilikubaliwa katika mkutano mkuu wa UPU uliofanyika Roma mwaka 1906 na ikaanza kutumika 1907. Unainunua kwenye posta yako, unaiweka kwenye barua, na mpokeaji anaibadilisha kwenye posta yake kwa stempu zinazotosha barua ya kawaida ya ndege kwenda nje, ngazi ya kwanza. Nchi mwanachama haijafungwa kuziuza, na Marekani iliacha kuziuza mwaka 2013, lakini kuzipokea inatakiwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa kwenye kuponi yenyewe. Itazame kabla ya kulipa, maana toleo hubadilishwa kila baada ya miaka michache na la zamani linabaki karatasi. Toleo lililoanza 2009 liliitwa Nairobi, ingawa mkutano wa 2008 uliokuwa ufanyike huko ulihamishiwa Geneva. Na ni kwa kuponi hizi hizi Charles Ponzi wa Boston alijidai, mwaka 1920, kuwatajirisha watu kwa tofauti ya bei kati ya nchi na nchi. Utapeli wa kuwalipa wa mwanzo kwa pesa za wanaofuata unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kwa maoni yangu, kwa saini kuponi ni biashara mbaya isipokuwa kwa watu wa aina fulani. Bei yake ni kubwa kuliko stempu inazoleta, na inamtaka mpokeaji aende kaunta apange foleni. Mwandishi wa vitabu aliyestaafu au mwanariadha wa zamani anaweza kwenda. Ofisi ya staa inayopokea barua kwa magunia haiendi.

Stempu za nchi ya mpokeaji zinashinda, kwa sababu yeye anafunga bahasha na kuidumbukiza tu. Posta nyingi zina duka la mtandaoni la wakusanyaji wa stempu na zinatuma nje ya nchi. Gharama ya usafirishaji ndiyo inayoumiza, kwa hiyo nunua za kutosha barua nyingi kwa mara moja, au changeni na wenzenu watatu wanne. Kwa majibu kutoka Marekani kuna stempu ya Global Forever, ya duara, iliyoanza 2013. Moja inatosha barua ya aunsi moja kwenda nchi yoyote. Haikuandikwa bei, hivyo nauli ikipanda haikudai nyongeza. Ile Forever ya kawaida, iliyoanza 2007, moja peke yake ni ya barua ya ndani ya Marekani. Usizichanganye.

Penye akiba nono ni stempu za zamani ambazo hazijatumika. Stempu za Marekani zilizotolewa tangu miaka ya 1860 bado zinalipa nauli kwa bei iliyochapwa, na wauzaji wa stempu wana mafurushi ya miaka ya nyuma ambayo mkusanyaji hayataki, wanayauza chini ya bei hiyo. Utahitaji nyingi kutimiza nauli moja, kwa hiyo fikiria nafasi kwenye bahasha na ile nusu gramu. Lakini kanuni ya nchi moja haiwi ya nyingine. Stempu za Ujerumani za enzi ya marki, pesa ya kabla ya euro, zilikoma kutumika katikati ya 2002. Uingereza, zile za kila siku zenye kichwa cha malkia na zisizo na msimbo pau zilikoma mwaka 2023, ilhali zile za kumbukumbu zenye picha bado zinapita. Uliza kwanza nchi na aina, halafu bei.

Na tahadhari ya bei rahisi: roli au karatasi nzima za Forever mpya zinazouzwa mtandaoni kwa nusu bei ni bandia. Stempu za sasa hazina sababu ya kuuzwa hivyo. Tangu 2023 posta ya Marekani inaihesabu barua yenye stempu bandia kuwa imetelekezwa, hairudishwi kwa mtumaji. Utapoteza stempu, picha, na nafasi yako kwa staa.

Posta nyingine zinauza stempu ya kuchapa nyumbani. Ya Deutsche Post, posta ya Ujerumani, inaitwa Internetmarke. Kwa idadi ndogo ya barua inafaa kuliko kuagiza stempu kwa posta, maana hulipi usafirishaji. Ila soma masharti ya muda. Chapa yoyote yenye tarehe ya kutumwa haifai bahasha ya majibu, kwa kuwa hujui itadumbukizwa lini.

Huko Ujerumani kuna desturi inayopunguza nauli yenyewe. Klabu za mpira na waigizaji wa televisheni huchapisha kadi zao za saini, mara nyingi za 10 kwa 15 au A6. Huna haja ya kutuma picha wala kinga. Bahasha ya B6, ya C6 ndani, barua ya A5: gramu 10 na kidogo. Omba kadi moja, taja jina lako, basi.

Yanayoharibika njiani

Barua yenye nauli pungufu hupigwa alama ya T, na deni anadaiwa anayepokea. Ofisi ya staa haitalipa deni la mtu isiyemjua, itaikataa. Ikitokea kwenye jibu, wewe ndiye utakayedaiwa, pengine pamoja na ada ya usumbufu. Kwa hiyo ile ngazi unayoikwepa kwa gramu moja ya kubahatisha inaweza kukugharimu kuliko kuilipia.

Bahasha ya majibu iandikwe jina la nchi yako, kwa herufi kubwa, mstari wa mwisho peke yake, kwa Kiingereza au Kifaransa au lugha ya huko itokako. Watu wanaandika anwani kama walivyozoea kuiandika nyumbani, bila nchi, na barua inazunguka ndani ya nchi ya kigeni ikitafuta sanduku la posta lisilokuwapo. Anwani yako iwe pia nyuma ya bahasha ya nje. Staa akiwa amehama, angalau picha na stempu za kurudi zinaweza kukurudia.

Gundi ya kulamba ni adui wa kimyakimya. Kwenye joto na unyevu, mdomo wa bahasha ya majibu unajifunga wenyewe ndani ya barua, na msaidizi wa staa hana muda wa kuubandua. Tumia bahasha yenye utepe wa kubandua, au weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya mdomo na bahasha. Ukiikunja bahasha ya majibu, mkunjo usipite kwenye stempu.

Rejesta iache. Ni ghali, inahitaji mtu wa kuisainia mlangoni, na saini unayoitaka si hiyo. Kuhusu kufunga maombi ya wachezaji watatu wa timu moja kwenye bahasha moja, inawezekana klabuni penye mtu wa kugawa barua: kila ombi na bahasha yake ya majibu, jina la mchezaji limeandikwa kwa penseli kwenye kona. Unalipa nauli moja ya kwenda badala ya tatu, ingawa ngazi ya uzito itapanda. Lakini likipotea moja yamepotea yote, na wakati mwingine furushi zima huishia kwa mchezaji mmoja ambaye hataki kuwa tarishi. Ningelifanya kwa picha za bei ndogo tu.

Mpira, kofia au jezi si barua. Ni bidhaa, inataka fomu ya forodha ya CN22 na nauli ya pakiti pande zote mbili, na jibu lake linamtaka mpokeaji ajaze fomu yake pia. Karatasi kwa kawaida inasafiri bila maswali hayo.

Andika daftari: tarehe ya kutuma, anwani, kilichomo, uzito, nauli ya kwenda, stempu iliyowekwa ya kurudi, tarehe ya jibu. Baada ya barua thelathini litakuonyesha ni anwani za aina gani zinakula pesa zako bure. Safu ya stempu ya kurudi ina kazi yake ya pekee. Majibu mengine huja baada ya wiki tatu, mengine baada ya mwaka na nusu, na katika muda huo nauli inaweza kupanda. Penye stempu isiyo na bei iliyochapwa, iweke hiyo kwenye bahasha ya majibu na ile yenye bei itumie kwenye ya nje, inayoondoka leo. Kama zote zina bei, bandika stempu moja ndogo ya ziada upande wa kulia juu, kando ya ile kubwa, siyo chini, kwa sababu ukingo wa chini wa bahasha ndipo mashine inapochapa msimbo wake.